Mcheza Kwao Hutunzwa: Malezi ya Wachezaji wa Magongo Nairobi

Loresho imekaa kwenye mwinuko kati ya Kangemi na Kitisuru, magharibi mwa Nairobi. Anayetoka huko kwenda mjini kwa barabara ya Waiyaki hupita Shule ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa jina la Prince of Wales ili kusomesha wavulana wa Kizungu. Akifika Westlands na kukata kushoto huingia Parklands, ambako kuna City Park na uwanja wake wa mpira wa magongo, na akizidi kusonga hadi Ngara na Pangani hukuta klabu za zamani za Wahindi na Wagoa. Kwenye ncha hii ya mwisho ya safari ndiko walikolelewa wengi wa wachezaji walioifikisha Kenya nafasi ya 4 katika Kombe la kwanza la Dunia la magongo, Barcelona, mwaka 1971. Nchi hiyohiyo haijacheza magongo ya Olimpiki tangu Seoul mwaka 1988. Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha vipaji vilivyohama, au cha viongozi waliolala. Mimi nakiona kuwa kisa cha malezi. Timu kubwa, ziwe za kulipwa au za ridhaa, hazizai wachezaji. Hupokea waliokwisha kulelewa mahali pengine. Nairobi ilikuwa na mahali hapo, ikapapoteza, na kila ilichojenga baadaye imekijenga juu ya pengo.

Mchezo wenyewe ulipata wachezaji wake kupitia reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta kutoka India vibarua na mafundi zaidi ya 30,000, wengi wao watu wa Punjab, kujenga reli ya Uganda. Walio wengi walirudi kwao, lakini karibu 6,700 walibaki, na nyuma yao wakaja mafundi, walimu na wafanyabiashara wengine. Wagoa nao walijaza nafasi za ukarani katika ofisi za serikali na za reli. Punjab na Goa zote ni nchi za magongo, kwa hiyo mchezo ulishuka melini pamoja na vyombo vya jikoni na vitabu vya dini. Serikali ya kikoloni iligawa mji kwa rangi: Wazungu wakapewa vilima vya magharibi na kaskazini, vilivyopakana na mashamba ya kahawa, Wahindi wakakaa Ngara, Pangani, Parklands na Eastleigh, Waafrika wakasukumwa mashariki, na hata huko kwa kipande mfukoni. Shule ziligawanywa vivyo hivyo, na klabu vilevile. Kila jumuiya ilijijengea ukumbi wake, na palipokuwa na ardhi ikatengeneza kiwanja. Sikh Union, Goan Institute, Goan Gymkhana, Railway Goan Institute, Sir Ali Muslim Club: majina yenyewe yanatangaza nani alikuwa mwenyeji na nani mgeni.

Mchezaji wa Nairobi wa miaka ya 1940 na 1950 alipitia viungo vitatu. Cha kwanza kilikuwa shule. Wavulana wa Kihindi walisoma katika shule ya serikali iliyoitwa Duke of Gloucester, ambayo leo ni Jamhuri High School. Wagoa walikuwa na shule ya Dr. Ribeiro huko Parklands, iliyopewa jina la daktari aliyejulikana mjini kwa kumpanda punda milia kwenda kuwaona wagonjwa wake. Shule hiyo moja ilitoa wachezaji kadhaa wa Olimpiki. Kiungo cha tatu kilikuwa kazi: karakana za reli, mabenki, na ofisi za serikali zilizofunga mapema jioni na kumwachia karani mwanga wa kutosha wa mazoezi. Lakini kilichobeba uzito wote kilikuwa cha pili, yaani klabu ya mtaa. Katika lugha yetu ya mpira, kiungo ni mchezaji wa kati anayepokea mpira kwa mabeki na kuufikisha kwa washambuliaji. Timu isiyo na kiungo inaweza kuwa na kipa hodari na mfungaji hodari, na bado ikafungwa. Klabu ndiyo iliyocheza namba hiyo katika malezi.

Umri wa miaka 14 hadi 20 ndio unaompima kijana wa magongo. Shuleni hucheza na wa rika lake, na akiwa na mbio kidogo kuliko wao huwapita kila siku bila kujifunza lolote. Klabuni huingizwa katika timu ya pili au ya tatu pamoja na wanaume wa miaka 30, mafundi wenye mikono mizito waliokwisha kuona kila hila. Hapo mbio hazimwokoi. Analazimika kuinua kichwa na kutoa pasi mapema, na kujua wapi pa kusimama kabla mpira haujafika. Viwanja vingi vilikuwa vya murram iliyoshindiliwa, vigumu na vyenye kasi, na mpira uliomdundia mtu vibaya ulimwachia alama mguuni. Waliomfundisha hawakulipwa. Walimfundisha kwa sababu alikuwa mtoto wa ndugu au wa jirani, na kwa sababu wikendi wangekutana na klabu ya jumuiya nyingine ambayo kushindwa nayo kulimaanisha kutaniwa kazini wiki nzima. Ada za wanachama zililipia mipira, karamu na harusi zilizofanyika ukumbini zililipia paa, na mtoto alikua huku akiona kwamba mchezaji mwema huheshimiwa na watu wanaomjua. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Klabu ndiyo iliyokuwa kwao.

Matunda yake yanajulikana. Desemba 1947 kikosi cha India kilishuka Mombasa kikiwa na Dhyan Chand, mshindi wa dhahabu tatu za Olimpiki, kwa mwaliko wa chama cha michezo cha Wahindi wa Afrika Mashariki, ambacho kilishikilia kwamba bila Dhyan Chand ziara isifanyike. Wenyeji walishindwa, lakini walipimana na walio bora duniani wakiwa nyumbani kwao. Mwaka 1956, katika Olimpiki ya kwanza ya Kenya huko Melbourne, timu ya magongo ilikuwamo. Roma 1960 ilifika robo fainali na kuangushwa na Uingereza kwa mabao 2-1 baada ya muda wa nyongeza uliorudiwa na kurudiwa. Tokyo 1964, mwaka ambao Wilson Kiprugut aliipa Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, magongo yalimaliza nafasi ya 6. Avtar Singh Sohal, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1938 na kulelewa na Sikh Union, alicheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia 1960 hadi 1972, na mechi zake 167 za kimataifa ziliingizwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Barcelona 1971 Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa na wenyeji Hispania bao 1-0, kisha ikapoteza mbele ya India 2-1 katika muda wa nyongeza wakigombea nafasi ya tatu. Hakuna aliyekuwa akilipwa mshahara wa kucheza. Mji ambao Wahindi na Wagoa wake wangeweza kuenea katika mitaa michache uliyabana mataifa yenye mamilioni ya wachezaji.

Msomaji makini atapinga papo hapo: huu ulikuwa mfumo wa ubaguzi, na kuusifu ni kuusifu ukoloni. Pingamizi hili ni zito. Kijana Mwafrika wa Kangemi au Pumwani hakuwa na shule yenye kiwanja kama hicho, wala klabu ambayo ingemfungulia lango. Vilima kama Loresho navyo vilikuwa upande wa Wazungu, ambao watoto wao walicheza magongo kwenye nyasi za shule zao bila kukutana sana na wale waliokuwa wakicheza vizuri zaidi mwendo mfupi kutoka hapo. Wahindi wenyewe walikuwa katikati: walinyimwa vilima, wakapewa viwanja vya murram, na kwa kiasi fulani walishikana katika klabu zao kwa sababu milango mingine ilifungwa. Ni lazima tutenganishe mambo mawili. Ukuta wa rangi uliamua nani aingie. Haukumfundisha aliyeingia namna ya kupiga kona ya adhabu. Kilichomfundisha ni uhusiano wa wakubwa na wadogo ndani ya kiwanja kimoja kilicho karibu na nyumbani. Ukuta ulistahili kubomolewa, na ulibomolewa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba ukishabomoa ukuta, uhusiano ule utajipanda wenyewe upande wa pili.

Pingamizi la pili husema kwamba hakuna fumbo hapa, kwa kuwa Wahindi waliondoka na magongo yao. Ni kweli kwamba sheria ya uhamiaji ya Kenya ya mwaka 1967, iliyowataka wasio raia kuwa na vibali vya kazi, na hofu ya Uingereza kufunga mlango kwa sheria yake ya Machi 1968, ziliwatoa maelfu kwa ghafla. Wagoa wengi walitawanyika kuelekea Uingereza, Kanada na Australia, na klabu zikabaki na kumbi kubwa na wanachama wachache. Lakini tarehe hazikubali kwamba maelezo yaishie hapo. Barcelona ilikuwa miaka mitatu baada ya msafara ule. Miaka kumi na sita zaidi baadaye, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Nairobi mwaka 1987, Kenya ilitwaa dhahabu na kwenda Seoul ikiwa na kikosi chenye majina kama Lucas Alubaha na Michael Omondi kando ya Sarabjit Singh Sehmi. Vijana Waafrika walioingia katika mchezo huu baada ya uhuru waliujua upesi, na waliujua kwa sababu baadhi ya klabu za zamani zilikuwa bado hai na zilianza kuwapokea. Kikosi cha Seoul kilikuwa zao la kiungo kilekile cha kati, safari hii kikiwa wazi kidogo. Kwa hiyo swali lenye maana si kwa nini Wahindi waliondoka. Tunapaswa kuuliza kwa nini mlango ule, ulipofunguka, haukuingiza watu wa kutosha kujaza nafasi zilizoachwa.

Sehemu ya jibu ni bahati mbaya ya siasa. Mwaka 1976 Kenya ilisusia Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini. Mwaka 1980 ikasusia Moscow kwa sababu ya uvamizi wa Afghanistan. Mchezaji aliyekuwa na miaka 20 Munich mwaka 1972 alikuwa na 32 Olimpiki ya Los Angeles ilipofika mwaka 1984. Kizazi kizima kilizeeka bila kupimwa, na wadogo hawakupata wakubwa wa kuwaiga. Wakati huohuo mchezo ulibadilika chini ya miguu yao. Montreal ndiyo Olimpiki ya kwanza ambayo magongo yalichezwa kwenye nyasi bandia. Kenya ilipata uwanja wake wa namna hiyo City Park kwa ajili ya michezo ile ya 1987, miaka kumi na mmoja baadaye. Tangu hapo, mtoto anayejifunza kwenye majani au murram anajifunza mchezo mmoja, kisha akifika timu ya taifa anatakiwa kucheza mwingine: mpira haudundi, mbio ni zaidi, na kuinama ni kwa dakika zote.

Wengi husimama hapa na kusema basi, nyasi bandia zilituua, na tiba ni kujenga viwanja. India inatusaidia kupima dai hilo. Nayo iliumizwa na mabadiliko yaleyale: Montreal 1976 ilimaliza nafasi ya 7, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na mwaka 2008 haikufuzu kabisa kucheza Olimpiki. Leo imerudi na shaba mbili mfululizo, Tokyo na Paris. Ni kweli ilijenga viwanja, na jimbo la Odisha limeidhamini timu ya taifa tangu 2018. Lakini wilaya ya Sundargarh katika jimbo hilo ilikuwa ikitoa wachezaji muda mrefu kabla ya fedha hizo, kwa sababu ya vijiji ambako mchezo huchezwa na kila rika, na kwa sababu ya mabweni ya michezo kama ya Panposh mjini Rourkela, yanayompokea kijana wa kijijini na kumlea hadi awe mtu mzima. Nyasi bandia ziliwekwa juu ya malezi yaliyokuwapo. Nairobi tuliweka nyasi bandia City Park, kisha kwa miaka mingi karibu ligi nzima ikaning'inia kwenye kiwanja hicho kimoja. Kiwanja kimoja kinachochezwa mechi kuanzia asubuhi hadi jioni kila wikendi hakina saa ya mtoto.

Baada ya klabu za mtaa kufifia, mzigo wa malezi uliangukia shule za sekondari, na nyingi zikawa mbali na Nairobi. Friends School Kamusinga ya Bungoma na St. Anthony's ya Kitale zimekuwa majabali ya magongo ya wavulana. Kwa wasichana kuna Tigoi ya Vihiga, Sinyolo ya Kisumu, na shule ya Nyamira. Hii ni sifa kubwa, na ndiyo sababu lafudhi utakayosikia pembeni mwa uwanja wa City Park leo ni ya magharibi mwa Kenya kuliko ya Parklands. Anayetetea mfumo huu atasema shule imefanya kilichokuwa kikifanywa na klabu, tena bila ubaguzi wa rangi. Nakubali nusu. Shule ya bweni humpa mtoto mwalimu na chakula, na saa maalumu ya mazoezi. Lakini msimu wa magongo ya shule hukaa katika muhula wa kwanza, na mashindano yakiisha mipira hurudi stoo, ukiacha shule zile chache zinazokwenda michezo ya Afrika Mashariki. Mtoto hucheza na wa rika lake tu. Na siku anapomaliza kidato cha nne, akiwa na miaka 18, shule humwaga. Ndio umri uleule ambao klabu ya zamani ingekuwa imeshamchezesha misimu mitatu kati ya watu wazima. Sasa ndipo anaanza kutafuta mahali.

Mahali anapopata, akibahatika, ni timu ya taasisi. Kenya Police huajiri, na mchezaji hupata mshahara, nyumba na magwanda. Vyuo vikuu kama Strathmore na USIU vimekuwa na timu zao. Kiwanda cha sukari cha Butali kiliidhamini timu iliyotwaa ubingwa wa ligi. Kwa wanawake mfano mkubwa ni Telkom, timu iliyotokana na shirika la posta na simu, ambayo ilitawala mashindano ya klabu bingwa za Afrika kwa miaka mingi. Kwa mazingira yetu hii ndiyo timu ya kulipwa: hailipi kucheza, inalipa kazi inayomruhusu mtu acheze. Faida yake haipingiki, kwani wengi wangeacha magongo wakiwa na miaka 20 kama si ajira hizo. Lakini tazama inavyosajili. Huchukua aliyeiva. Jeshi la polisi haliajiri mtoto wa miaka 13, wala kiwanda cha sukari. Na kwa kuwa uhai wa timu ya namna hii uko mikononi mwa mwajiri, unaweza kukatika kwa uamuzi wa chumba kimoja. Udhamini wa Telkom ulipokoma, wachezaji waliendelea kwa jina la Blazers, na hilo ni jambo la kuwapongeza. Klabu ya mtaa haikuwa na mdhamini wa kuiacha, kwa sababu wanachama ndio waliokuwa mdhamini.

Hapo huibuka pingamizi la mwisho, na ndilo lenye mvuto zaidi: kwamba tunazunguka bure, dawa ni ligi ya kulipwa kikamilifu, kama zile za ng'ambo. Mfano unaotajwa sana ni wa magongo ya barafuni huko Amerika ya Kaskazini, ambako ligi ya NHL ni biashara ya mabilioni ya dola. Basi na tuutazame mfano huo kwa ukaribu. Zamani timu za NHL zilidhamini timu za vijana na kuwafunga watoto kwa mikataba. Bobby Orr aliwekewa saini na Boston mwaka 1962 akiwa na miaka 14. Kuanzia 1963 ligi ilianzisha utaratibu wa kuchagua vijana kwa zamu, na leo timu 32 huchagua vijana 224 kila mwaka, wengi wakiwa na miaka 18. Maana yake ni kwamba timu ya kulipwa hukutana na kijana akiwa tayari amecheza zaidi ya miaka kumi. Aliyemlea ni chama cha mtaa chenye kiwanja cha barafu kinachotunzwa na manispaa, wazazi wanaoamka alfajiri kumpeleka, na kisha ligi za vijana za Kanada zenye timu karibu 60, ambako mvulana wa miaka 16 hukabiliana na wa miaka 20. Hata baada ya kuchaguliwa, wengi hupelekwa miaka kadhaa katika ligi ya chini ya AHL kuiva polepole. Ukiondoa fedha zote na kutazama mifupa ya mpango huo, unaona kitu ambacho fundi wa reli wa Pangani angekitambua mara moja: kiwanja kilicho karibu, rika zilizochanganyika, na subira.

Uholanzi, ambayo mwaka 2024 ilitwaa dhahabu ya Olimpiki ya magongo ya majani kwa wanaume na kwa wanawake, inaonyesha jambo lilelile kwa njia nyingine. Chama chake kina wanachama zaidi ya 200,000, na karibu wote wako katika klabu za mitaani, si shuleni. Mtoto huanza akiwa na miaka sita hivi. Wa miaka 16 hufundisha wa miaka 8, na mzazi aliyewahi kucheza hushika filimbi. Wachezaji wa timu ya taifa hulipwa, ndiyo, lakini hulipwa na klabu ambayo Jumamosi asubuhi imejaa watoto. Fedha zilikuja juu ya umati huo. Wala sisi hatuhitaji kwenda mbali kuona kinachotokea fedha na vifaa vinapotangulia umati. Nairobi ilipata kiwanja cha barafu mwaka 2005, katika hoteli ya Panari kwenye barabara ya Mombasa. Hapo ikazaliwa timu ya Ice Lions, ambayo wachezaji wake walialikwa Kanada mwaka 2018, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo. Ni juhudi ya kuheshimiwa. Lakini kiwanja ni kimoja, kipo ndani ya hoteli, na hatima ya mchezo mzima nchini hutegemea bomba la ubaridi la jengo moja.

Turudi basi Loresho, kwa sababu ugawaji mpya wa Nairobi unaonekana vizuri zaidi kutoka kwenye mwinuko ule. Rangi haigawi tena; inayogawa ni karo. Upande huu wa magharibi wa mji una viwanja vingi vizuri kuliko upande mwingine wowote, lakini viko ndani ya kuta za shule, na shule ikifungwa Ijumaa jioni hubaki kimya, majani yakinyeshewa maji bila mguu juu yake. Upande wa pili wa barabara ya Waiyaki ni Kangemi, yenye watoto wengi na nafasi chache za kucheza. Mtoto wa Loresho ana kiwanja na kocha lakini hana klabu: akimaliza shule huenda chuo ng'ambo na gongo lake hubaki stoo. Mtoto wa Kangemi hana hata kimoja. Wote wawili wamekosa kilekile ambacho mvulana wa Pangani alikuwa nacho mwaka 1955 kwa kutembea dakika kumi baada ya kengele ya shule. Historia yetu imebomoa ukuta mmoja na kuusimamisha mwingine mahali pake, na kiungo cha kati kimeachwa nje ya kuta zote mbili.

Sidai kwamba klabu za kijamii zifufuliwe na majina yao ya dini na asili. Wakati wao ulipita, na ulistahili kupita. Nadai kwamba kazi ziliyoifanya inahitaji mwenyewe. Haihitaji kwanza mabilioni. Inahitaji shule zenye viwanja zikubali kuvifungua Jumamosi kwa watoto wa mtaa unaozizunguka. Inahitaji chama cha magongo kihesabu klabu kwa idadi ya watoto wake kabla ya idadi ya vikombe, na timu za taasisi zinazopokea walioiva zirudishe kitu kwa walioivisha, hata kama ni makocha wawili na mfuko wa mipira. Na City Park itenge saa ambayo mtu mzima haruhusiwi kuigusa. Kutoka Kangemi hadi lango la Shule ya Nairobi ni mwendo wa miguu. Aliyezaliwa mwaka wa Seoul amekwisha kuvuka umri wa kucheza na kutimiza umri wa kufundisha. Apewe watoto, kiwanja na Jumamosi.